Duka la mtandaoni linataka nijisajili kabla sijaona bidhaa: nijaze au niachane nalo?

Chungulia: Wanajamvi, habari zenu. Natafuta kipuri cha cherehani ya zamani, kile kikopo kidogo kinachoshika bobini. Kuna duka la mtandaoni linasema wanacho. Nikifungua tovuti yao, picha zinatokea kwa ukungu, halafu fomu inafunika kioo chote: jina kamili, barua pepe, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Hakuna alama ya kufunga, hakuna pa kuruka. Bei sijaiona, na kama kipuri kipo kweli sijui. Tarehe yangu ya kuzaliwa inahusiana nini na bobini? Nijaze tu ili nione? Na kama kuna njia ya kuangalia bila kujisajili, naombeni mnielekeze.

Kipanga: Achana nalo mkuu. Mwenye bidhaa huionyesha. Hapo wanatafuta namba yako, kesho uanze kupokea meseji za ofa usizoziomba.

MuuzaJumla: Tusiwaweke wote kapu moja. Mimi nauza jumla, na bei zangu wanaziona waliosajiliwa tu, maana wenye maduka ya rejareja hawataki wateja wao wajue wamenunua kwa kiasi gani. Yapo pia maduka ya wanachama. Vente-privee ya Ufaransa ilianza mwaka 2001 kwa mtindo huo, ikiuza mabaki ya bidhaa za chapa kubwa kwa punguzo ambalo wenye chapa hawakutaka lianikwe hadharani. Lakini hata mimi picha na maelezo nimeyaacha wazi. Kipuri kimoja cha rejareja sioni sababu ya kukificha.

Komeo: Mkuu Chungulia, kabla ya kujaza chochote, tafuta Google kwa jina la duka pamoja na namba ya kipuri, kama kina namba. Mara nyingine ukurasa wa bidhaa uko wazi na kilichofungwa ni mlango wa mbele tu.

Ukiona lazima ujisajili, tumia barua pepe ya pembeni. Gmail inakuruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, kwa mfano jina+cherehani@gmail.com, na barua zinaingia kwenye sanduku lako lile lile. Takataka zikianza kuja kwa anwani hiyo, unajua zimetokea wapi. Ila anwani yako halisi bado inasomeka, kwa hiyo akaunti tofauti kabisa ni bora zaidi. Neno la siri liwe jipya. Duka likidukuliwa, wezi huchukua barua pepe na neno la siri wakajaribu kwingine kote.

Tarehe ya kuzaliwa usitoe. Hiyo ndiyo benki na kampuni za simu hukuuliza kuthibitisha kuwa ni wewe.

Kipanga: Si ajaze uongo tu yaishe?

Komeo: Namba ya simu ya kubuni inaweza kuwa ya mtu, na yeye ndiye atakayesumbuliwa. Na akija kununua kweli, jina na anwani visipolingana mzigo utakwama.

Dada_Sheria: Naongeza kidogo. Kwa walioko Umoja wa Ulaya, kanuni ya kulinda data inayotumika tangu Mei 25, 2018 inataka muuzaji akusanye taarifa zinazohitajika kwa shughuli husika tu. Unaweza kuwaandikia uwaulize wanazitaka za nini, na ukadai wazifute.

Chungulia: Asanteni sana wakuu. Nimetafuta kwa namba ya kipuri. Duka lile halikutokea, limetokea jingine lenye picha, vipimo na bei, na mtu anaweza kununua kama mgeni bila akaunti. Namba inafanana na ya kikopo changu.

MuuzaJumla: Safi. Kabla hujalipa soma masharti yao ya kurudisha bidhaa, na ulinganishe vipimo pia. Vikopo hivyo hufanana sana kwa macho, kumbe havikai.