Mkataba unaisha mwisho wa mwezi: tuendelee kulipa kwa kichwa au tuhamie kwa mawakala wa AI?

Kalamu_Nyeusi
Wakuu salaam. Mkataba wa mfumo wetu wa wateja unaisha mwisho wa mwezi huu. Ni mfumo wa wingu, yaani tunautumia kwa mtandao, na tunalipia kila mtumiaji kila mwezi. Wenye mfumo wametuletea ofa ya mawakala wa akili mnemba (AI), yaani programu zinazofanya kazi zenyewe: wanajibu wateja, wanajaza rekodi, wanakumbushia madeni. Naona njia tatu:

1. Kubaki hapo hapo na kulipia mawakala wao juu ya bei ya sasa.
2. Kuhamia mfumo wa bei nafuu, tuunganishe wakala wetu wenyewe.
3. Kufuta akaunti nyingi, zibaki chache, kazi nyingine afanye wakala.

Bosi anataka jibu Ijumaa. Ipi bora?

Jicho_la_Hesabu
Bora kwa nani? Hujasema mko wangapi, mnapokea maswali mangapi kwa mwezi, wala kama wakala atasoma tu au atabadilisha rekodi. Unauliza bei ya kiatu na mguu umeuficha.

Kalamu_Nyeusi
Samahani mkuu. Akaunti ni 14, wanaoingia kila siku kama 6 hivi. Maswali sijahesabu.

Jicho_la_Hesabu
Basi kuna akaunti 8 mnazilipia zimelala. Hizo zikate leo, wala halihitaji AI.

Fundi_Wingu
Mimi njia ya 2, sina la kufikiria. Anthropic, kampuni ya AI, walitoa MCP Novemba 2024, utaratibu wa kuunganisha AI na mifumo mingine, na tangu hapo wakala mmoja anaunganishwa na mifumo mingi kwa utaratibu mmoja, huhitaji tena kuandika kiunganishi kipya kila mara. Nadella, bosi wa Microsoft, mwenyewe alisema Desemba 2024 kwamba programu za biashara kimsingi ni hifadhidata zenye kanuni za kazi juu yake, na kanuni hizo zitahamia kwa wakala. Sasa ikibaki stoo, kwa nini ulipe kodi ya jumba?

Bi_Ripoti
Aliyesema hivyo anauza mawakala, usisahau. Halafu hiyo stoo mlango wake unafungwa na mwenye nyumba. Slack, programu ya ujumbe wa kazini, mwaka 2025 walibana kasi ya programu za nje zisizo kwenye soko lao kuvuta ujumbe. Unaweza kuwa na wakala hodari kuliko wote akaishia kugonga hodi.

Jicho_la_Hesabu
Turudi kwenye bei, maana ofa nyingi ni mbuzi kwenye gunia. Salesforce, wauzaji wa mifumo ya wateja, walianza mawakala wao wa Agentforce mwaka 2024 kwa dola 2 kila mazungumzo. Mwaka 2025 wakaongeza mpango wa kulipia kila tendo, senti 10. Intercom wanatoza senti 99 kwa kila tatizo la mteja ambalo Fin, wakala wao wa AI, amelitatua. Hivyo ni vipimo vitatu tofauti. Wakala akifanya matendo 20 kwenye mazungumzo mamoja, senti 10 zako zimeshafika dola 2. Na hilo "limetatuliwa" nani anaamua? Mteja aliyekata tamaa akanyamaza anahesabiwaje? Iulize ofa yako maswali hayo kwa maandishi.

Mzee_wa_Logi
Ngoja niseme yaliyonikuta. Tuliwasha wakala wa kusafisha rekodi za wateja zilizojirudia. Muuzaji, simtaji, alituonyesha mfano ukapendeza. Kwa haraka zetu tukampa wakala akaunti ya meneja badala ya kumfungulia yake. Wiki ya kwanza safi kabisa. Wiki ya pili mteja akapiga simu anauliza kwa nini anadaiwa mzigo asioujua. Kufuatilia, wakala alikuwa ameunganisha wateja wawili kwa sababu wana jina moja na namba moja ya simu. Kumbe ni baba na mwanawe, biashara mbili tofauti kabisa! Ankara za mmoja zikahamia kwa mwingine, makubaliano ya bei yakachanganyika. Tukachimba tukakuta wengine zaidi ya 40 wa namna hiyo.

Kwenye mfumo ule kuunganisha rekodi hakuna kurudi nyuma. Logi nazo, yaani kumbukumbu za nani kafanya nini, zinasema kila badiliko limefanywa na meneja, kwa hiyo hatukuweza kutenganisha kazi yake na ya wakala. Maskini meneja alihojiwa siku mbili kwa jambo ambalo hakuligusa. Tulirudisha rekodi moja moja kutoka faili la Excel ambalo dada wa mapokezi alikuwa analiweka kimya kimya kwa sababu hakuwahi kuuamini mfumo. Lilituokoa.

Fundi_Wingu
Pole mzee, ila hapo kosa ni lenu. Wakala apewe akaunti yake, haki za kusoma tu, na kuunganisha kuidhinishwe na mtu.

Mzee_wa_Logi
Nimeandika "kwa haraka zetu". Umesoma?

Bi_Ripoti
Kosa liwe la nani, anayelipa ni kampuni. Air Canada chatboti yao, programu ya kujibu wateja, ilimpa abiria maelezo yasiyo sahihi kuhusu punguzo la nauli kwa waliofiwa, wakajaribu kujitetea kana kwamba chatboti inajitegemea. Mwaka 2024 baraza la kuamua madai la British Columbia, Kanada, likawaambia walipe.

Neno_Sahihi
Samahani kuingilia. Mleta mada anaandika "akili mnemba", mimi nimezoea "akili unde". Na kuna wa "akili bandia". Tukubaliane na moja jamani.

Fundi_Wingu
Iite utakavyo, ankara inakuja vilevile.

Neno_Sahihi
Ndiyo maana mikataba haieleweki, mkuu. Neno moja kila mtu analielewa kivyake.

Kalamu_Nyeusi
Nimehesabu: maswali kama 900 kwa mwezi, na zaidi ya nusu ni "oda yangu imefika wapi".

Jicho_la_Hesabu
Hilo linamalizwa na ukurasa mmoja wa kufuatilia oda. Wakala wa nini?

Fundi_Wingu
Na nusu iliyobaki?

Kalamu_Nyeusi
Nusu iliyobaki ni malalamiko, na bosi hataki yajibiwe na mashine. Muuzaji naye kapiga simu, anasema akaunti 8 hazikatiki katikati ya mkataba, ila atatupa mawakala bure miezi mitatu tukisaini miaka miwili. Mzee_wa_Logi, huo mfumo wenu unaruhusu kutoa data yote kwa mkupuo au ni ukurasa kwa ukurasa?

Mzee_wa_Logi
Ukurasa kwa ukurasa, rekodi 100 kila mara. Wa kwenu je? Jaribu usiku huu kabla hujasaini chochote.