Mozaiki ya ukutani na ya kizingitini Mbezi Beach: jiwe, vigae au chupa?

Kibaraza
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaoshika nyundo. Kazi za mozaiki (picha za vipande vidogo vya kubandika) ziko mbili. Ya kwanza ni duara lenye nyota ya pembe nane, kipenyo mita 1.2, kwenye ukuta wa nje unaotazama bahari. Masika inaupiga moja kwa moja. Ni tofali za simenti, lipu, na rangi ya maji juu yake. Ya pili ni ya chini, mlangoni, sentimita 60 kwa 90, watu wanapita peku.

Vilivyopo: mabaki ya marumaru ya jiwe ya unene wa milimita 20 (kwa wanaotengeneza makaunta), mawe meupe ya chokaa ya machimbo ya Kunduchi, mabaki ya vigae vya posilini na vya ukutani, chupa za kijani na za kahawia. Kipi kiende wapi? Na njia gani: kubandika moja kwa moja, karatasi, au wavu?

Tindo
Kabla ya jiwe, ukuta. Ukibandika juu ya rangi ya maji, gundi itashika rangi vizuri tu, ila rangi ndiyo itakayoachia lipu, na nyota yako itashuka ikiwa nzima kama mkeka. Kwangua rangi yote ndani ya duara na sentimita 5 nje yake. Kisha gonga lipu kwa mpini wa nyundo kila kiganja. Inapolia tupu, bomoa mpaka tofali, piga lipu mpya ya simenti 1 kwa mchanga 4, mwagilia siku za mwanzo, halafu iache angalau wiki mbili. Mchanga uwe wa mto. Wa pwani una chumvi, nayo itatoka mbele kama unga mweupe kwenye kila kiungo (mwanya kati ya vipande).

Kwa nje mimi nachagua marumaru ya jiwe. Kata kwa grenda yenye diski ya almasi, kwa maji, vipande virefu vya upana wa milimita 15. Baada ya hapo weka grenda pembeni. Chukua tindo pana, ichomeke kwenye gogo zito, makali yatazame juu. Laza kipande chako juu ya makali, piga kwa nyundo usawa uleule wa makali, pigo moja fupi, kila baada ya milimita 10. Nyundo ikitoka nje ya mstari hata kwa milimita 2, jiwe linapasuka mshazari na unapata kabari badala ya kete, yaani kipande kidogo cha mozaiki. Utabaki na kete za 15 kwa 20, kina 10. Upande uliopasuka ndio unaotazama mtu: una chembe zinazoshika mwanga, jambo ambalo upande uliokatwa kwa diski hauna.

Chini, kinyume chake: tumia upande wa diski. Na ule uliong'arishwa kiwandani usitazame juu, maana ukilowa peku hauna msamaha.

Zuhura_Vigae
Kaka Tindo kasema kweli kuhusu ukuta, lakini Kibaraza apewe hesabu kwanza. Duara la mita 1.2 lina mita za mraba 1.13. Ukitumia kete za milimita 15 na kiungo cha milimita 2, ni kete 3,460 hivi kwa mita ya mraba, yaani takriban 3,900 kwa duara zima. Ongeza za kuharibika, kata 4,500. Ukishuka kwenye kete za milimita 10 na kiungo cha 1.5, unazidi 8,500. Ukipanda kwenye 20, zinatosha 2,350. Mkono wa mtu asiyezoea nyundo unachoka mapema sana kwenye marumaru. Vigae vinakatika kwa koleo la magurudumu.

Ila vigae si vya aina moja. Dondoshea tone la maji mgongoni mwa kigae. Likinywewa hapohapo, hicho ni cha ukutani: laini kukata, rangi nyingi, lakini rangi yake ni ngozi ya juu tu, ikisuguliwa na mchanga wa viatu inaonyesha udongo. Ukutani sawa, mlangoni hapana. Tone likikaa juu, hiyo ni posilini. Ngumu, inaruka vipande ovyo, vaa miwani. Lakini haili maji, na ile ya rangi moja mpaka ndani inafaa sana kukanyagwa. Saga ncha za juu kwa jiwe la kunolea, maana ni wembe.

Jambo wanalosahau wengi ni grauti, ule udongo wa kujazia viungo. Kete ndogo zinakula grauti mara ishirini ya vigae vya 30 kwa 30 vyenye kiungo kilekile. Kwa duara lako weka kilo 4 hadi 5. Ikiishia katikati, ndoo ya pili haitafanana rangi na ya kwanza.

Gerezani_Kioo
Chupa mbona zinaachwa? Kijani cha chupa hakifi kwa jua. Masharti tu: gundi iwe nyeupe. Kioo kinapitisha mwanga, ukiweka gundi ya kijivu kijani kinageuka cheusi. Iwe gundi ya vigae ya mfuko iliyo na polima (plastiki ya kuongeza mshiko), kwa sababu kioo hakinywi, na udongo wa simenti na mchanga hauna pa kushika. Chupa imepinda, kwa hiyo jaza gundi mgongoni mwa kila kipande kabla ya kukikandamiza. Uwazi ukibaki nyuma utajaa maji. Makali yaondoe kwa kuzungusha vipande na mchanga na maji kwenye mashine ya kuchanganyia zege.

Kioo cha kujitazamia usikiguse kwa nje. Unyevu na simenti vinakula ile fedha ya mgongoni, kinaanza kuwa cheusi pembeni hadi katikati.

Mzee wa Chokaa
Wanangu, mnazungumza kana kwamba pwani hii ilianza kupachika vitu ukutani jana. Nendeni kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, hapohapo jirani na Kibaraza. Bakuli na sahani za Kichina zilipachikwa kwenye chokaa.

Jiwe la Kunduchi ni tumbawe la kale, lina matundu na linapumua. Ukilifunga kwa simenti kali mgongoni na grauti kali pembeni, unyevu wa ukutani unabaki na njia moja tu, ndani ya jiwe lenyewe. Ukifika usoni unakauka, chumvi inaganda chini ya ngozi, jiwe linavua unga. Kwa jiwe hilo tumia chokaa iliyozimwa kwa maji na kuachwa ilale, sehemu 1, na mchanga wa mto sehemu 3. Punguza sehemu moja ya mchanga uweke unga wa tofali la kuchoma, itashika hata penye unyevu. Warumi wa kale walifanya hivyo: Vitruvius, mjenzi wao, anataja vigae vilivyopondwa sehemu 3 kwa chokaa 1 kwa tabaka la chini ya mozaiki. Kisha funika kwa gunia bichi wiki nzima. Chokaa ikikauka haraka inabaki unga.

Tumbawe hai la baharini msiliguse, ni marufuku.

Tindo
Shikamoo mzee. Kwa tumbawe nakubali. Lakini chokaa hiyohiyo chini ya posilini au kioo haishiki, na kwa duara linalopigwa na mvua itahitaji miezi ya kiangazi. Kibaraza akichanganya jiwe na kioo, gundi ya polima ndiyo inayobeba vyote, na tumbawe basi aliache nje ya duara.

Mzee wa Chokaa
Marahaba. Hapo hatugombani. Ila asije akaliweka mlangoni, linakunywa mafuta na chai.

Kibaraza
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Basi ukutani marumaru na chupa kidogo, mlangoni posilini. Njia je? Nilitaka kubandika kete kwenye wavu wa faiba kwa gundi nyeupe ya seremala, nikiwa kivulini.

Zuhura_Vigae
Hiyo gundi ndiyo tatizo. Ya kawaida inalainika tena ikilowa. Nje, maji yakipita kwenye kiungo, kete zinaanza kucheza juu ya wavu ilhali wavu wenyewe umeshika ukuta. Na ukiipaka nyingi inaziba matundu ya wavu, gundi ya vigae haifiki mgongoni mwa kete. Wavu uache kwa kazi za ndani.

Ukutani bandika moja kwa moja. Kete za kupasua hazina unene mmoja, na ukutani huo ndio uzuri wake. Paka gundi milimita 4, eneo la sentimita 30 kwa 30 tu kwa wakati mmoja. Jua la hapa linaitia ngozi ndani ya dakika kumi. Gusa kwa kidole, isiponata ikwangue, usiongeze maji. Kilo 7 za gundi zinatosha, anza alfajiri.

Mlangoni tumia karatasi, kwa sababu unataka uso bapa. Chora mchoro kwa kinyume kwenye karatasi ya kaki, pika uji wa ngano (unga 1, maji 5), bandika kete uso chini. Usizidishe siku tatu nne: sisimizi na ukungu wa Dar wanaupenda uji huo kuliko wewe. Kisha ziba viungo kwa grauti kutokea mgongoni, geuza juu ya gundi, gonga kwa ubao. Gundi ikishaanza kushika, lowesha karatasi kwa maji ya vuguvugu dakika 15, ivute ikiwa imelala sambamba na sakafu. Ukiivuta kwenda juu inang'oa kete.

Tindo
Nyota: acha ukingo wa sentimita 10, ncha zifike nusu kipenyo cha 50. Ni miraba miwili ya upande wa sentimita 70.7, mmoja umezungushwa nyuzi 45. Panga kwanza kete za mstari wa nje wa nyota, halafu safu mbili za usuli (eneo linaloizunguka nyota) zikiufuata mstari huo, ndipo ujaze. Vipande vya ajabuajabu viishie katikati ya usuli, visigombane na ncha.

Kibaraza
Rangi ya grauti? Nilifikiria nyeupe.

Gerezani_Kioo
Nyeupe kati ya marumaru nyeupe inafuta kete zote, utaona bamba tu. Chukua kijivu cha wastani. Lakini marumaru inanywa rangi, paka kwanza dawa ya kuziba jiwe, ijaribu kwenye kete moja ya pembeni. Futa kwa sponji bichi iliyokamuliwa, mshazari wa viungo. Utandu wa grauti ukibaki, kitambaa kikavu kesho yake. Asidi ya kusafishia vyoo, siki, ndimu, vyote vinakula marumaru.

Zuhura_Vigae
Na Kibaraza, kabla hujapika uji, fungua huo mlango wote upime upenyo chini yake. Posilini milimita 9 na gundi 4 ni 13. Kama upenyo ni 10, ama uchimbe sakafu ama umwite seremala.