Mrejesho: mazoezi ya Flash yamerudi

Wakuu, niliuliza kwa nini mazoezi ya kubofya ya Flash (teknolojia ya zamani ya michoro inayotembea kwenye kurasa za mtandao) kwenye tovuti ya shule yetu hapa Kongwa yamegeuka kijisanduku cha kijivu baada ya kivinjari cha Chrome kusasishwa. Mlionielekeza Ruffle, programu inayochezesha mafaili ya Flash bila Flash yenyewe, Mungu awabariki sana. Ni kweli, Chrome 88 iliiondoa Flash kabisa Januari 2021, kuhangaika na mipangilio ni kupoteza muda. Nikapakia mafaili ya Ruffle kwenye seva, nikaongeza mstari mmoja wa skripti. Bado kijivu! Kumbe seva haikuyatambua mafaili ya .wasm, yaani msimbo wa Ruffle ambao kivinjari huuendesha. Nilipoisajili aina yake kwenye seva, application/wasm, mchoro wa moyo wa somo la Baiolojia ukaanza kudunda, damu nyekundu ikipita mishipani. Wanafunzi walipiga makofi. Zoezi moja lililoandikwa kwa ActionScript 3 (lugha ya programu ya Flash) bado linagoma, nitaliandika upya kwa HTML5, ambayo vivinjari vya sasa huisoma moja kwa moja.