Kukimbia nusu saa bila kusimama: ratiba ya wiki 9, mwendo wa polepole, au nguzo kwa nguzo?

Mkaazi_wa_Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa kitini, na tangu mchakamchaka wa shuleni sikuwahi kukimbia tena. Nimeanza wiki tatu zilizopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua la Dar halijawaka. Kila siku ni yale yale: dakika nne pumzi inakata, nasimama nimeshika kiuno. Nataka kufika nusu saa mfululizo, ili mwakani niende Moshi kwenye zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon.

Nimeelekezwa njia tatu. Kuna ratiba ya wiki tisa ya kuchanganya kukimbia na kutembea. Kuna kukimbia taratibu sana bila kutembea kabisa. Na kuna kuhesabu nguzo za umeme, kila siku unaongeza moja. Nani amepita wapi?

MamaZuu
Mdogo wangu, mimi nimepita kwenye ratiba. Aliitunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, siku tatu kwa wiki. Unaanza na sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, kwa dakika 20. Wiki ya tano ndiyo inayotisha watu: siku ya pili ni dakika 8 mara mbili, katikati unatembea dakika 5, halafu siku ya tatu unaambiwa dakika 20 bila kusimama! Mimi niliirudia wiki ya nne mara tatu ndipo nikathubutu. Wiki tisa zangu zilikuwa kumi na mbili na nilifika.

Uzuri wake huwazi chochote, unafuata tu. Ubaya ni kwamba ratiba haijui kama jana usiku ulikesha na mtoto.

Pwani_Alfajiri
Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa polepole, sitembei. Kipimo changu ni mdomo: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, napunguza. Nilianzia pale Mama Ngina kando ya bahari, nikawa sambamba na kina mama wanaotembea kwa haraka, na sikuona haya hata kidogo. Dakika 6 zikawa 10, kisha 15.

Ila huku pwani joto lina neno lake. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, moyo unadunda zaidi hata kama mwendo ni ule ule. Msimu wa kaskazi nahesabu dakika tu, kilomita naziacha mpaka kusi ianze kuvuma.

Nguzo_Moro
Nguzo zinafaa, hazihitaji simu wala saa. Lakini usiongeze kila siku. Nilifanya hivyo kwenye lami na raba zilizokwisha, muundi ukauma wiki tatu. Sasa nakimbia siku tatu, naongeza mara moja kwa wiki.

Mkufunzi_Eldoret
Nguzo_Moro amegusa jambo kubwa. Moyo na pumzi huzoea mapema, wiki chache tu unaona tofauti. Mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana mtu huumia wakati ule ule anapojisikia ana nguvu.

Kuhusu kutembea, msikudharau. Jeff Galloway alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, na ndiye aliyefundisha watu kutembea kidogo katikati ya mbio, hata za marathoni. Siri iko hapa: unatembea kabla hujachoka. Wewe wa Tabata unatembea baada ya pumzi kwisha, hiyo ni kushindwa, si mapumziko. Na hata huku Iten, mita 2,400 juu ya bahari, siku za mazoezi mepesi mabingwa huanza taratibu mpaka mgeni anashangaa.

Swali: hizo dakika nne unakwenda umbali gani?

Mkaazi_wa_Tabata
Nimepima leo, mwalimu. Kama mita 750.

Mkufunzi_Eldoret
Basi unakwenda kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 20. Huo ni mwendo wa mtu anayemaliza kilomita 5 chini ya dakika 27! Pumzi yako haina kosa. Shuka mpaka dakika 8 kwa kilomita, kisha uchague njia yoyote kati ya hizo tatu.

Pwani_Alfajiri
Na uimbe. Nyimbo za mchakamchaka si unazikumbuka? Ukiweza kuitikia, uko sawa.

Mkaazi_wa_Tabata
Mrejesho baada ya siku 16. Nimechanganya: mwendo wa Pwani_Alfajiri, siku tatu za MamaZuu. Leo dakika 17 bila kusimama, nikiimba kwa sauti ya chini, na nilipofika nyumbani machozi yalinilenga. Mashavu ya miguu yanavuta kidogo. Dada MamaZuu, niende 20 keshokutwa?

MamaZuu
Hongera sana mdogo wangu, nimefurahi kweli. Hapana, rudia 17 mara mbili kwanza. Mvuto ukiisha, Jumamosi weka 19. Na zikunje raba zako katikati: zikijikunja kama kandambili, tafuta nyingine kabla ya hiyo Jumamosi.