Tupeane uzoefu: kujenga injini ya barabarani kwa bloku ya kiwandani na bajeti ndogo

Wakuu, habari za leo. Naomba waliowahi kufungua bloku (kiini cha injini chenye silinda) ya Toyota 7A-FE, ile ya Carina na Caldina, wakaijenga upya ili gari lipate nguvu zaidi bila kufilisi nyumba, watueleze walichofanya na fedha ilikoishia.

Naanza na yangu. Nilinunua bloku ya mtumba Gerezani, Kariakoo, na fundi wa kwanza akanishauri nipanue silinda kutoka milimita 81 hadi 81.5 ili ipate nguvu. Nilipopiga hesabu kwa mwendo wa pistoni wa milimita 85.5, niliona ujazo ungepanda kutoka sisi (sentimita za ujazo) 1762 hadi 1784 tu. Silinda zilipopimwa zilikuwa hazijalika, kwa hiyo nilibaki na pistoni zilezile, silinda zikasuguliwa kidogo ili ringi mpya za pistoni zikae, na fedha iliyookolewa ikaenda kwenye beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na pampu ya oili.

Mchangiaji wa Nairobi:
Mimi nilifunga hedi (sehemu ya juu yenye vali) ya 4A-GE, injini nyingine ya Toyota ya ukoo huohuo, juu ya bloku ya 7A. Hedi inakaa, kwa kuwa kipenyo cha silinda ni kilekile, lakini bloku ya 7A imeenda juu zaidi, hivyo mkanda wa taimingi wa 4A, unaounganisha krenki na vali, haufiki. Konrodi za 4A-GE (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) nazo hazikubali, kwa sababu shingo za krenki ya 7A zinakoshika konrodi ni nene, milimita 48. Kifaa kilichoniokoa ni udongo wa kuchezea wa mwanangu: niliubandika juu ya pistoni, nikafunga hedi kwa gasketi kuukuu, nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha nikafungua na kuukata kwa wembe nione nafasi iliyobaki kati ya vali na pistoni. Upande wa vali za kutolea moshi, udongo ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu, na pistoni zikarudi kwa fundi wa kuchonga siku hiyohiyo.

Mchangiaji wa Mwanza:
Ulitumia pesa ngapi kwa jumla, mkuu? Wengi huhesabu bei ya vipuri wakasahau ya kuchonga.

Mchangiaji wa Arusha:
Yangu ni ya aibu. Ringi mpya huingizwa peke yake ndani ya silinda, ikasukumwa kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa, kisha mwanya kati ya ncha zake ukapimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia); kwa silinda ya 81, ringi ya juu huhitaji takribani milimita 0.3. Mimi sikupima, kwa sababu pakiti iliandikwa saizi sahihi. Injini ilipopata joto, ncha za ringi zilikutana, na silinda ya tatu ikachubuka kuanzia juu hadi chini. Ndipo nilipolazimika kupanua zote nne hadi 81.5, kazi ileile ambayo mwanzisha mada ameikwepa.