Wachapishaji wadogo sita wa Kanda ya Ziwa: tutapimaje nani yuko salama mtandaoni?

Mchapaji wa Makoroboi ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Umeme umerudi sasa hivi na UPS bado inalia, kwa hiyo nikikatika katikati mnivumilie.

Nina kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu hapa Mwanza, ghorofa ya pili, jirani na Makoroboi. Tuko wanne: mimi, mhariri, msanifu kurasa, na dada wa mauzo ambaye ndiye mhasibu pia. Tunatoa vitabu vya chekechea, ngano za Kisukuma, na vitabu vya nyimbo za kwaya, ambavyo kusema kweli ndivyo vinavyolipa kodi ya pango. Tuna umoja wetu usio rasmi, wachapishaji sita: watatu Mwanza, mmoja Bukoba, mmoja Musoma, mmoja Geita.

Sasa kuna mnunuzi wa nje, anatafuta vitabu vya watoto kwa ajili ya maktaba, amekubali kuchukua vyetu sote kwa mkupuo mmoja, vikiwa faili. Faili zitakaa sehemu moja na kila mmoja atapewa njia yake ya kuingia. Akauliza swali lililoninyima usingizi: kati yenu sita, aliye dhaifu kuliko wote ni nani? Maana mwizi akipitia kwa mmoja, ameingia kwa wote.

Kazi ya kupima wakanitupia mimi. Sifa yangu ni kwamba printa ikikwama karatasi najua kuitoa.

Nikatafuta vipimo vya bure mtandaoni. Unaandika anwani ya tovuti, unasubiri kidogo, kinakupa alama kama za shule. Kimoja kinaangalia cheti, yaani ile kufuli ya kwenye kivinjari. Kingine kinaangalia vichwa vya usalama ambavyo tovuti inampelekea msomaji. Kwenye cheti wote watano wenye tovuti tumepata A. Kwenye vichwa mimi nimepata F, Bukoba F, Geita D, na mwenzetu mmoja wa hapa mjini A safi. Kwenye kundi la WhatsApp akapigiwa makofi, na yeye akaweka picha ya ile alama kwenye status yake.

Kinachonitatiza ni hiki. Mwenye A ndiye huyohuyo ambaye Machi barua pepe yake ilitekwa, muswada wa kitabu cha hesabu ukatoka, na wiki tatu baadaye tukaukuta umechapwa unauzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Na mzee wetu wa Musoma hana tovuti kabisa. Ana Gmail, daftari, na diski mbili za nje, moja ofisini na moja nyumbani, na ukimletea flashi anakuuliza imetoka wapi kabla hujasalimia. Kwenye jedwali langu ana mstari mtupu. Nimweke wa mwisho?

Na mimi mwenyewe nikiri. Neno la siri la barua pepe ya ofisi tunalijua wote wanne, pamoja na kijana aliyehamia Dar tangu mwaka juzi. Kompyuta ya kusanifu kurasa bado ina Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuitengenezea viraka Januari 2020. Hakuna kipimo kilichoyaona hayo.

Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hatazami juu ya gunia, anatia mkono mpaka chini. Mimi naona nimetazama juu. Chini nitatiaje mkono?

---

Fundi Seva amejibu:

Mkuu, vipimo havijakudanganya. Umeviuliza swali ambalo si lao.

Kipimo cha cheti kinajibu jambo moja: maneno yanayopita kati ya msomaji na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, yamefungwa vizuri au yanasomeka njiani. Let's Encrypt walianza kugawa vyeti bure mwishoni mwa 2015, na siku hizi kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinakuwekea bila hata kuomba. Hata tovuti ya tapeli ina kufuli. Ndiyo maana wote mna A, na alama ambayo kila mtu anayo haiwezi kuwapanga.

Vichwa vya usalama ni maagizo kwa kivinjari: usifungue tovuti hii bila ile kufuli, usiendeshe programu kutoka pengine, usikubali ukurasa huu uwekwe ndani ya ukurasa wa mtu mwingine. Ni vizuri kuwa navyo. Ila kama tovuti yako ni orodha ya vitabu na namba ya simu tu, F hiyo haikuumizi sana. Kinachokuumiza ni ukurasa wa wafanyakazi kuingilia, na plagini, yaani kiprogramu cha nyongeza kwenye tovuti, ambayo haijasasishwa tangu aliyeiweka aondoke. Wadukuzi hawakutafuti wewe kwa jina, wanatafuta toleo bovu la plagini, wanagonga kila mlango unaolitumia.

Unachoweza kupima kwa nje kikakusaidia kweli ni barua pepe. Angalia mambo matatu kwenye domeni ya kila mmoja, yaani jina linalokaa baada ya @: SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu; DKIM, ambayo ni saini ya kidijitali juu ya kila barua; na DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa hayo mawili. Hapa watu hujipongeza mapema. DMARC ikiwa imeandikwa p=none, haizuii kitu, inaomba taarifa tu. Inayozuia ni quarantine (weka kando) au reject (kataa). Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka mtumaji wa barua nyingi awe nayo, lakini wanaridhika hata na hiyo none, kwa hiyo wengi wameishia hapo.

Mzee wa Musoma usimpe sifuri. Seva za Gmail zinalindwa na Google. Kwake muulize kama amewasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na kithibitisho cha pili, na ujumbe wa kurejesha akaunti unakwenda kwenye laini ipi.

---

Mhasibu wa Bukoba amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni yule wa F ya Bukoba, basi niseme ya kwetu.

Mwaka jana tulikuwa tunachapa vitabu nje ya mkoa. Nikapata barua kutoka kwa mpigachapa wetu, kwenye mazungumzo yaleyale, ankara ileile, hata utani wake wa kuniita "mama wa senene" ulikuwemo. Akasema wamebadilisha benki, akaunti mpya hii hapa. Nikalipa milioni sita na laki nne. Baada ya siku tisa mpigachapa halisi ananipigia: dada, mbona kimya?

Tuliporudi kuangalia ile anwani, mahali pa herufi m palikuwa na r na n zimekaa pamoja. Someni kwenye simu ndogo usiku, mtaniambia kama mngeona. Barua pepe za mpigachapa ndizo zilizokuwa zinasomwa na mtu muda mrefu. Sisi hatukudukuliwa chochote. Polisi tulikwenda, jalada lipo.

Kwa hiyo kwenye jedwali lako weka na hili: mtu akitumiwa akaunti mpya anafanya nini? Mimi sasa napiga namba iliyoko kwenye daftari la zamani, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo barua. Bosi alinicheka mwanzoni. Sasa hivi hacheki tena, kila malipo anauliza "umepiga?"

---

Fundi Seva:

Pole sana dada. Ujanja huo wa rn umewahi kuzunguka nyumba kubwa za uchapishaji duniani. Mwitaliano Filippo Bernardini, aliyekuwa mfanyakazi wa Simon & Schuster London, alisajili domeni zaidi ya 160 za kufanana na za wachapishaji na mawakala, akajifanya mhariri huyu na wakala yule, akapata miswada zaidi ya 1,000 kabla haijatoka. Alikamatwa New York Januari 2022 na kukiri kosa mwaka uliofuata. Alimwandikia jaji kwamba alitaka kuisoma kabla ya wengine. DMARC isingesaidia kitu hapo, kwa sababu domeni ile ya uongo ilikuwa mali yake halali.

---

Mzee wa Prufu:

Vijana mnajisumbua. Nani atavuka ziwa kuja kuiba ngano za Kisukuma? Nimesahihisha prufu miaka thelathini, kilichowahi kuibwa ni kalamu nyekundu.

---

Mwanafunzi wa Nyegezi:

Mzee wangu shikamoo. Ngano waache, lakini mchapishaji ana faili la waandishi: namba za NIDA, akaunti za benki za kulipia mrabaha, simu, mikataba. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023. Anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vitenge.

Kwa mleta mada: Maktaba ya Uingereza ilivamiwa Oktoba 2023 na genge la kudai fidia, yaani wanaofunga faili zako na kutaka hela ndipo wazifungue. Hawakulipa, na taarifa nyingi za watu zikamwagwa mtandaoni. Machi 2024 wakatoa ripoti yao wenyewe, wakaeleza kwamba seva inayodhaniwa kuwa ndiyo mlango haikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho, na kwamba mifumo mingine ilikuwa mikongwe kiasi cha kutoweza kurudishwa ilivyokuwa. Taasisi kubwa vile imejianika. Nyinyi sita mkikaa meza moja mkasemana ukweli hivyo, mtapata picha kuliko alama yoyote.

---

Mchapaji wa Makoroboi (baada ya wiki mbili):

Nimerudi. Jedwali la alama nimelifuta.

Nilichofanya, nimekwenda kwa kila mmoja na swali moja kubwa: kompyuta hii ikiibiwa leo usiku, kesho unafanyaje kazi? Halafu nikasema usiniambie, nionyeshe. Fungua kitabu cha 2022 kutoka kwenye nakala rudufu, mbele yangu. Wa Bukoba na Geita walifanya kwa simu ya video.

Mwenye A alikuwa na diski nzuri, mpya, ila imechomekwa kwenye kompyuta ileile saa zote. Virusi vya kudai fidia vikiingia vinafunga vyote viwili kwa pamoja, na mwizi wa kawaida anabeba vyote kwa mkono mmoja. Nakala ya mwisho ilikuwa ya Pasaka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema na yeye hakuwahi kujaribu kuifungua. Nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kusingizia umeme. Ile picha kwenye status ameitoa.

Musoma nilikwenda kwa basi la asubuhi kutoka Nyamhongolo. Mzee aliagiza chai, akachomoa diski kutoka kabatini, na kitabu kikafunguka kabla chai haijapoa. Nikaona huyu ndiye kinara. Nikamwuliza laini ya kurejeshea Gmail. Ni laini aliyoipoteza kivukoni zamani, hakuwahi kuirudisha, na kwa sasa huenda namba hiyo ina mtu mwingine. Yaani miswada yake haiungui, lakini barua pepe yake iko mkononi mwa asiyemjua. Tuliibadilisha palepale, na kikombe cha pili hakikunyweka.

Kwenye swali la nani aliyeondoka bado anaweza kuingia, wanne kati ya sita tulianguka, mimi nikiwa wa kwanza. Kijana wa Dar nilimpigia. Akacheka, akasema bosi, mimi mpaka leo nazipata ankara zenu, nilidhani mnanitumia makusudi.

La kupiga simu kabla ya kulipa akaunti mpya, aliyefaulu ni Bukoba peke yake. Na hilo kalipia ada.

Kwa hiyo sikumpa mnunuzi mpangilio wa wa kwanza hadi wa sita. Nimemwandikia tundu la kila mmoja na tarehe ya kuliziba, na sote tumesaini. La kwangu limeandikwa la kwanza: Windows 7. Mashine tumeikata intaneti, inasanifu kurasa tu, mpaka hela za kwaya za Desemba ziingie. Mnunuzi amejibu kwa sentensi moja, akauliza kama anaweza kuwatumia wengine karatasi yetu kama mfano. Mwenye A ameomba jina lake lifutwe kwanza.

Hapa ofisini kila mtu sasa ana neno lake la siri. Jana nilimwomba dada wa mauzo la kwake, niangalie ankara moja tu. Amekataa.