Amelipiga gari la marehemu baba kwa kiganja cha grisi, akaniambia nikalipime kilo

Naandika huku mikono ikiwa bado inatetemeka. Fundi mwenyewe sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila mwenye gari la zamani hapa Nairobi amewahi kuelekezwa kwake, na wengi wenu mmeketi kwenye lile benchi lake la mbao mkisubiri mpaka mvi zikaota. Leo asubuhi nilimpelekea Datsun 240Z aliyoniachia marehemu baba, kwa sababu injini ilikuwa ikitoa mlio mwembamba kama wa mbu aliyefungiwa ndani ya chupa, mlio unaopanda kila ninapokanyaga mafuta na kushuka kila ninapoachia. Hakuniuliza swali hata moja. Boneti hakuifungua. Alisikiliza kwa muda usiotosha kupiga chafya, akanyanyua mkono uliojaa grisi, akalipiga paa kwa kiganja mara mbili mbele ya wateja sita, kisha akasema: "Mzee, chuma hiki kimechoka. Kipeleke kwa watu wa skrepa wakupimie kilo."

Wakupimie kilo! Gari la aina iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, kwenye matope na vumbi la nchi zetu hizi hizi, leo linapigwa paa kama punda wa kubeba maji!

Nilipomwomba anieleze anachokisikia, alisema bila kugeuka kwamba mnyororo wa taimingi na beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zimekwisha, na kwamba injini lazima ishushwe ifumuliwe yote kwa laki tatu. Nawaombeni mnisaidie kuelewa. Injini hii ya silinda sita, yenye ujazo wa sentimita mchemraba 2,393, kweli huzungusha kemshafti, yaani mhimili wa kufungulia vali, kwa mnyororo, lakini mnyororo uliolegea huchakacha, na beringi za krenki zilizokwisha hugonga. Tangu lini vitu hivyo vikalia kama mbu? Mtu aliyeshika spana tangu sisi tukivaa kaptura za shule anashindwaje kutofautisha kuchakacha, kugonga na kulia? Au masikio yake nayo yamejaa grisi kama kile kiganja?

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura kwa hasira, nikaanza kulichunguza gari mwenyewe. Lilikuwa limesimama na bado linalia, kwa hiyo difu, yaani gia za nyuma zinazozungusha magurudumu, haikuhusika. Nilikanyaga klachi, sauti haikubadilika, nikaiondolea giaboksi lawama. Nilipowasha taa kubwa, mlio ulinenepa palepale, na hapo ndipo moyo ulipoanza kunidunda, maana taa zikiwashwa anayeongezewa mzigo ni alteneta, mtambo unaozalisha umeme wa gari. Nilizima injini, nikalegeza alteneta na kuuvua mkanda wa feni, ambao kwenye gari hili huzungusha pampu ya maji na alteneta kwa pamoja, kisha nikawasha tena kwa nusu dakika tu, kwa sababu bila mkanda maji hayazunguki. Kimya. Injini ya baba ilinguruma kama ninavyoikumbuka tangu utotoni, bila mbu wala nzi. Puli ya pampu ya maji niliitikisa ikawa imara na kuzunguka kwa ulaini, lakini ya alteneta nilipoizungusha kwa vidole viwili, niliisikia ikikwaruza ndani kama kijiko kwenye sufuria yenye mchanga.

Beringi ya alteneta! Kitu kinachoenea kiganjani, ambacho nimekisoma namba yake na kukipata Grogan, kwenye maduka ya vipuri, kabla ya saa tisa, ndicho alichotaka kukifumulia injini nzima. Na hata hiyo laki tatu ningeisamehe. Kisichosameheka ni kile kiganja. Paa ni jeupe. Nimelisugua kwa sabuni na kitambaa chenye petroli kidogo, na mpaka sasa kuna vivuli vya vidole vinne juu ya mlango wa dereva, mahali ambapo baba alikuwa akiegemeza mkono wake akituaga.

Bisibisi Refu: Pole sana, kaka. Hata mimi aliwahi kunihukumia injini akiwa anakunywa chai. Naamini boneti hakuifungua kwa sababu ya 240Z ina bawaba upande wa mbele na huinuliwa kutoka upande wa kioo, na angeaibika kuhangaika nayo mbele ya wateja.

Fundi Mstaafu: Mwandishi, sikuungi mkono. Kipimo cha kuvua mkanda ni cha dakika kumi na umeonyesha kuwa unakijua vizuri. Kwa nini ulivuka jiji zima kwenda kutukanwa kabla ya kukifanya?

Mwandishi: Nilikwenda kwa sababu gari ni la baba na sikutaka kubahatisha. Kosa la kutovua mkanda mapema nalikubali. Kiganja sikikubali.

Mama Kabureta: Heri wewe uliyepigwa paa peke yake. Wa kwangu, hapa Mombasa, alinibadilishia alteneta, kisha pampu ya maji, kisha akaanza kuitazama giaboksi kwa jicho la tamaa. Siku moja mwanangu alizima redio na mlio ukazimika nao. Ulikuwa ukitoka kwenye spika muda wote huo, kwa sababu waya wa ethi wa redio, ule unaofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeshika kutu! Fedha zangu hazijarudi mpaka leo.

Bisibisi Refu: Dada, hilo ni kubwa kuliko la paa. Alikupa risiti?

Mama Kabureta: Risiti? Hata alteneta yangu ya zamani, iliyokuwa nzima, sijaiona tena.

Mpenzi wa 504: Kwa kuwa tumefika kwenye milio, nisaidieni na Peugeot 504 yangu. Likisimama ni kimya kabisa, lakini likifika kilomita 60 kwa saa huanza kulia kutoka nyuma, na fundi wangu ameng'ang'ania kuwa ni matairi. Nimeshanunua matairi manne mapya na bado linalia!

Fundi Mstaafu: Unaibiwa. Ukiwa kwenye mwendo huo, achia mafuta ghafla. Mlio ukigeuka, wa kulaumiwa ni krauni na pinioni, gia za ndani ya difu. Ukibaki vilevile, shuku beringi. Kabla ya yote, fungua nati ya kujazia oili kwenye difu na utie kidole.

Mwandishi: Jamani, hakuna anayejua kitu cha kuondoa grisi kwenye rangi ya zamani bila kuiharibu?

Mpenzi wa 504: Nimetia kidole sasa hivi. Kimetoka kikavu.

Fundi Mstaafu: Usilitembeze tena hilo gari. Una oili ya difu hapo nyumbani, au nikuelekeze duka?